UHUSIANO MWEMA HUJENGWA KABLA YA SIKU YA DHIKI

Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wako watu ambao, kwa kuishika sana methali hiyo, huidharau kazi ya Afisa Uhusiano. Husema kwamba shirika likitenda mema wananchi watajionea wenyewe, nalo likitenda maovu hakuna maneno yatakayoyafunika. Kwa maoni yao, Afisa Uhusiano ni mtu wa kufunga tai, kupokea wageni na kuyapamba yasiyopambika.

Maoni hayo yana ukweli nusu. Ni kweli kwamba uovu haufunikiki kwa maneno. Lakini wema nao huweza kusingiziwa, na siku ya kusingiziwa humhitaji mtu wa kuusemea ambaye neno lake linaaminika. Binadamu wanapoletewa habari hawaipimi habari yenyewe tu. Humtazama kwanza aliyeileta. Wakiwa wanamjua kuwa mkweli, humsikiliza hata kama habari yake ni chungu. Wakiwa hawamjui, au wakimjua kuwa mwongo, humpa kisogo hata kama siku hiyo anasema kweli tupu.

Hapo ndipo ilipo thamani ya kazi hii. Mwandishi wa taarifa hupatikana kwa urahisi. Mtu anayeaminiwa na pande mbili hapatikani kwa siku moja. Yafaa basi kutazama maisha ya mmoja wa waanzilishi wa kazi hii, maana katika maisha yake yamo mafanikio ya kuigwa na makosa ya kuogopwa.

MWANDISHI ALIYEUFUNGUA MLANGO

Ivy Lee alizaliwa mwaka 1877 katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa mhubiri. Baada ya kumaliza masomo katika Chuo Kikuu cha Princeton alifanya kazi ya uandishi wa magazeti mjini New York, na humo akaona jinsi wenye makampuni walivyoishi na watu wa magazeti kama paka na panya. Kampuni ikipatwa na jambo, milango hufungwa na mabawabu huongezwa. Mwandishi akikosa habari mlangoni huenda kuitafuta uchochoroni, na habari ya uchochoroni aghalabu huwa nusu kweli na nusu uzushi.

Mwaka 1906, alipoajiriwa na wenye migodi ya makaa ya mawe wakati wa mgogoro na wafanyakazi wao, Lee aliwapelekea wahariri wa magazeti tangazo fupi la kanuni zake. Alisema kwamba ofisi yake haikuwa ofisi ya siri, kwamba kazi yake yote ingefanyika hadharani, na kwamba mhariri yeyote atakayetaka kuhakikisha jambo angesaidiwa kwa moyo kulihakikisha. Leo maneno hayo yanaonekana ya kawaida. Siku zile yalikuwa kama mtu kuvunja ukuta wa nyumba yake ili majirani waone yanayopikwa jikoni.

Mwaka huohuo ukaja mtihani. Tarehe 28 Oktoba 1906, karibu na mji wa Atlantic City, treni ya umeme iliacha reli juu ya daraja na kutumbukia majini. Watu 53 walikufa. Njia hiyo ilikuwa chini ya Kampuni ya Reli ya Pennsylvania, ambayo Lee alikuwa mshauri wake. Desturi ya makampuni ya reli ilikuwa kuficha ajali. Lee alikwenda kinyume cha desturi hiyo: alitoa taarifa ya maandishi kwa magazeti yote, na gazeti la New York Times likaichapa. Tangu hapo ushauri wake kwa wakuu wa reli ulikuwa ni ule ule, kwamba ajali ikitokea waandishi wasifukuzwe, bali waonyeshwe mahali palipotokea na waelezwe yaliyokwisha kujulikana.

Yafaa kuelewa sababu ya jambo hili. Kampuni haikupona lawama kwa sababu ya taarifa, na waliokufa hawakufufuka. Kilichopatikana ni kwamba wahariri walianza kuona kuwa kutoka katika ofisi ile ungeweza kupata jibu, na kwamba jibu lile likichunguzwa halianguki. Huo ndio mtaji wa Afisa Uhusiano. Ni mtaji unaowekwa senti moja moja, na mwenyewe huja kuutoa siku ya mvua kubwa.

MTAJI HUWEZA KUPOTEA

Mtaji huo hupotea pia, na Lee mwenyewe alijionea. Mwezi Septemba mwaka 1913 wachimbaji wa makaa ya mawe wa jimbo la Colorado waligoma. Walifukuzwa katika nyumba za kampuni wakaenda kuishi na wake zao na watoto wao katika mahema. Kampuni kubwa kupita nyingine huko ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Rockefeller, matajiri wakubwa wa mafuta. Tarehe 20 Aprili 1914 askari wa jimbo na walinzi wa kampuni walipigana na wagomaji mahali paitwapo Ludlow, na mahema yakateketezwa kwa moto. Wanawake wawili na watoto 11, waliokuwa wamejificha katika shimo chini ya hema, walikufa humo kwa kukosa hewa. Marekani nzima ilishtuka, na jina la Rockefeller likanuka.

Katika mwaka huo Lee aliitwa kusaidia. Alianza kutoa makaratasi mfululizo yaliyoeleza mgomo ule kwa jinsi wenye migodi walivyouona, akayapeleka kwa watu mashuhuri nchini kote. Lakini ndani yake mlikuwa na makosa makubwa. Mishahara ya viongozi wa chama cha wafanyakazi ilionyeshwa kuwa mikubwa kupita kiasi, na mengine yalikuwa masingizio matupu. Lee alipoitwa mbele ya tume ya serikali mwaka 1915 akaulizwa alivyozihakikisha habari hizo, ilidhihirika kwamba alizipokea kutoka kwa wenye migodi akazichapa bila kuzichunguza.

Mtu yule yule aliyewaahidi wahariri kuwasaidia kuhakikisha kila jambo, sasa hakuwa amehakikisha la kwake. Mwandishi Upton Sinclair akamtungia jina la dhihaka, kwa jina la mmea wa porini uwashao ngozi, na jina hilo halikumbanduka hadi kufa kwake. Ilimchukua miaka kujenga sifa ya ukweli. Kuitia doa zilitosha karatasi chache.

Kila askari anayepewa kazi ya kusema kwa niaba ya kikosi chake na ajifunze hapo. Taarifa inayotoka juu haiwi kweli kwa sababu imetoka juu. Afisa Uhusiano asiyeuliza “Hili limehakikishwa na nani?” huligeuza jina lake kuwa gunia la kubebea uongo wa wengine. Uongo ukifichuka, gunia ndilo linaloonekana.

TAJIRI ASHUKA MGODINI

Maneno yaliposhindwa, njia nyingine ilitafutwa. Rockefeller Mdogo, mwana wa tajiri yule mkuu, alimwajiri Mkanada mmoja aliyejua mambo ya wafanyakazi, William Lyon Mackenzie King, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi yake. King alimshauri aende akawaone watu wenyewe.

Mwezi Septemba mwaka 1915 Rockefeller Mdogo alikwenda Colorado na King akiwa pamoja naye. Alipita kambi baada ya kambi kwa muda wa majuma kama mawili. Alivaa nguo za kazi akaingia mgodini, akashika sululu akachimba makaa. Aliingia katika nyumba za wachimbaji akauliza habari za maji na za shule. Alikula chakula chao, na usiku mmoja kulipofanywa ngoma alicheza na wake za wachimbaji mmoja baada ya mwingine. Kisha ukatolewa mpango wa kamati ambamo wajumbe wa wafanyakazi na wa kampuni walikaa pamoja kusikiliza malalamiko. Wachimbaji wakaupigia kura na kuukubali.

Ziara hiyo ilifanya lililowashinda makaratasi. Wale waliomchora Rockefeller kama jini lenye pembe walimwona akitoka jasho kama wao. Naye aliyekuwa akizijua kambi zile kwa ripoti tu aliona kwa macho yake watu wanavyoishi. Uhusiano ulianza siku pande mbili zilipoonana uso kwa uso.

Hata hivyo isisemwe kwamba ngoma ya usiku mmoja ilimaliza yote. Kampuni ilikuwa imekubali kusikiliza, lakini haikukubali wafanyakazi wawe na chama chao wenyewe. Wachimbaji waliona kwamba kamati ile iliundwa na mkubwa na ingeweza kuvunjwa na mkubwa. Migomo ilirudi katika miaka iliyofuata, na mwaka 1933 ndipo kampuni ilipokubali kuafikiana na chama cha wachimbaji. Maana yake ni kwamba kumtembelea mtu ni kufungua mazungumzo. Ukishayafungua huna budi kumpa huyo mtu nafasi ya kukujibu, hata kama jibu lake hulipendi.

Lee mwenyewe alifariki mwaka 1934. Katika mwaka huo huo alikuwa amehojiwa na kamati ya Bunge la Marekani kwa sababu ya kuishauri kampuni kubwa ya kemikali ya Ujerumani wakati nchi hiyo ikiwa chini ya Hitler. Hivyo mwanzilishi huyo ameacha urithi wa namna mbili: kanuni njema zinazofundishwa hadi leo, na onyo kwamba Afisa Uhusiano huhesabiwa pamoja na wale anaowasemea.

SUMU NDANI YA VIDONGE

Ikiwa kisa cha Lee kinaonyesha mtaji unavyowekwa na unavyopotea, kisa cha mwaka 1982 kinaonyesha unavyotumika. Mwishoni mwa mwezi Septemba mwaka huo, katika mji wa Chicago na vitongoji vyake, watu saba walikufa baada ya kumeza dawa ya maumivu iitwayo Tylenol. Mtu asiyejulikana alikuwa ametia sumu ya sianidi ndani ya vidonge vilivyokuwa madukani. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo.

Kampuni ya Johnson & Johnson, yenye kutengeneza dawa hiyo, ilipata habari ya kwanza kwa simu ya mwandishi wa magazeti wa Chicago aliyepiga ofisi ya uhusiano kuuliza maswali. Ofisi ambayo haijazoeana na waandishi ingeweza kuikata simu hiyo. Ile haikuikata. Tangu saa ile kampuni ilijibu maswali ya maelfu ya waandishi, ikawapelekea onyo madaktari na mahospitali, ikafungua simu ya bure kwa wananchi wenye hofu, na ikasimamisha matangazo ya dawa hiyo. Kisha ikairudisha dawa hiyo kutoka madukani nchi nzima, chupa zipatazo milioni 31, kwa hasara ya takriban dola milioni 100, ingawa hakukuwa na ushahidi kwamba sumu ilitiwa kiwandani.

Jambo moja dogo katika kisa hicho lafaa kukumbukwa. Mwanzoni kampuni ilisema kwamba sianidi haitumiki kabisa katika kiwanda chake. Baadaye iligunduliwa kwamba kiasi kidogo kilikuwa kikitumika katika maabara ya kupimia ubora. Wenyewe walikiri kosa lao mbele ya waandishi na kulisahihisha. Wangalinyamaza, na waandishi wakaligundua peke yao, kila neno walilokwisha kusema lingalitiliwa shaka. Mwezi Novemba dawa ilirudi madukani katika vifungashio vipya vyenye kuonyesha kama vimefunguliwa, na haukupita muda mrefu watu wengi wakaanza kuinunua tena.

Waliorudi kununua hawakuwa wameshawishiwa na taarifa za juma moja. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ilikuwa ikishughulika na madaktari, wauguzi, wenye maduka ya dawa na akina mama, na katika tamko lake la mwaka 1943 iliandika kwamba wajibu wake wa kwanza ni kwa watu hao. Mwaka 1982 ulikuja kuuliza kama maneno yale yalikuwa ya kweli.

SARE NA RAIA

Msomaji aliye kambini anaweza kuuliza: haya ya treni na vidonge yanamhusu nini askari? Yanamhusu sana. Kampuni ikichukiwa hupoteza wateja. Jeshi au polisi wakichukiwa hupotea maisha. Raia anayemwogopa askari hamwambii kwamba jana usiku watu wasiojulikana walipita njia ya bondeni. Mama anayeogopa kituo cha polisi haendi kueleza kwamba mtoto wa jirani anapigwa kila siku. Habari hizo hazinunuliwi kwa fedha wala hazitolewi kwa amri. Hutolewa kwa mtu anayejulikana.

Nchini Uganda jambo hili lina historia chungu. Katika utawala wa Idi Amin, tangu mwaka 1971 hadi 1979, kuonekana kwa sare kijijini kulitosha kuwakimbiza watu porini. Kanuni za nidhamu zilizotungwa na Jeshi la NRA wakati wa vita vya msituni zilimwamuru mpiganaji asichukue mali ya raia, na alipie papo hapo kila anachokitwaa. Kanuni hiyo ni ya nidhamu, lakini yeyote aijuaye kazi ya uhusiano ataitambua kuwa ni kazi yake. Mpiganaji aliyelipa bei ya kuku alisema mengi kuliko hotuba.

Hadi leo, inapokaribia sikukuu ya jeshi iitwayo Tarehe Sita, kila mwezi wa Februari, wanajeshi wa Uganda huonekana wakitibu wagonjwa, wakisafisha hospitali, wakitengeneza shule na kutoa damu. Kazi hizo ni njema, na mgonjwa aliyetibiwa hasahau. Lakini fundisho la Colorado lisisahauliwe. Juma moja la ufagio haliwezi kufuta mwaka mzima wa matusi barabarani. Raia huunganisha yote katika hesabu moja: dawa aliyopewa hospitalini, na kofi alilopigwa kijana wake kwenye kizuizi.

Kwa sababu hiyo Afisa Uhusiano wa kikosi, hata akiwa hodari wa kalamu namna gani, hawezi kufaulu peke yake. Yeye huandika kile ambacho askari wa zamu amekwisha kukitenda. Askari anayemjibu mzee kwa heshima, anayemwelekeza mgeni njia, anayepokea malalamiko bila kumkaripia mlalamikaji, huyo anafanya kazi ya uhusiano ingawa hana ofisi wala simu.

NYUMBANI NAKO

Wala kazi hiyo haiishii langoni mwa kambi. Mke wa askari anapokwenda kisimani au sokoni, wenyeji humwona kuwa ndiye kambi yenyewe. Akipanga foleni kama wenzake, kambi imepanga foleni. Akiwasukuma kando kwa kuwa bwana wake ana cheo, kambi imewasukuma. Watoto wanaosoma shule moja na watoto wa kijiji hubeba habari za pande zote mbili kila jioni. Jirani akifiwa, jamaa ya askari ikaenda matangani na sufuria ya chai, limefanyika jambo ambalo hakuna taarifa kwa magazeti inayoweza kulifanya. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na aghalabu jamaa za askari ndugu zao wako mbali sana.

KWA VIJANA WANAOITAKA KAZI HII

Wapo vijana waliolelewa katika kota za polisi na za jeshi ambao wangependa kuifanya kazi hii maishani. Kalamu nzuri inahitajika, na lugha zaidi ya moja ni hazina. Lakini wajue kwamba sehemu kubwa ya kazi haionekani kwenye karatasi. Ni kuyajua majina ya watu na kuyakumbuka. Ni kumpigia mhariri simu siku ambayo huna la kumwomba. Ni kumwambia mwandishi “Sijui, lakini nitakuuliza na kukujibu kabla ya saa kumi,” kisha kumjibu kweli kabla ya saa kumi, hata kama jibu ni kwamba habari hiyo haiwezi kutolewa bado. Zipo siri za ulinzi zisizosemwa, na mwandishi mwenye akili hulielewa hilo. Asichosamehe ni kudanganywa.

Lililo gumu kupita yote ni kuurudisha ukweli ndani. Afisa Uhusiano anayepeleka maneno ya wakubwa nje bila kuleta manung'uniko ya watu ndani amefanya nusu ya kazi. Hana budi siku moja kusimama mbele ya mkubwa wake, kwa adabu zote, na kusema: “Afande, watu wanalalamika, na wana haki.” Mkubwa mwenye busara atakasirika kidogo, kisha atashukuru. Na mkubwa asiyetaka kuambiwa hivyo amwajiri mpiga tarumbeta, maana huyo hutoa sauti tu na wala hasikilizi.

Basi methali ya wahenga ibaki mahali pake: chema chajiuza. Ila na ikumbukwe kwamba hata chema kina soko lake, na sokoni watu hununua kwa mtu wanayemjua. Anayengoja hadi nyumba iungue ndipo ajifunze majina ya majirani, atawaita usiku kucha, na kila mmoja atauliza dirishani: “Wewe nani?”